Nusu Siku, Kuanzia Ngomeni

Saa mbili nawapakia, mtu na mkewe,
kofia za ukindu zingali na bei.
"Tupeleke penye historia," wasema,
"na walipokaa washairi. Saa saba tuna ndege."

Tuktuki yakohoa, twenda.
Mizinga: wapiga picha.
Ndia Kuu, milango ya njumu: wapiga picha.
Nguzo ya Mbaraki imeinama
kama mtu anayetega sikio,
chini yake chupa za marashi
za wenye haja zao.

"Na washairi?" mke akumbusha.

Nazima injini Kuze, mbele ya duka la simu
lililopakwa kijani hadi dirishani.
Hapa, nasema, palikuwa na ukuta wa chokaa.
Bi Zuena akikaanga viazi vya karai.
Jirani akimtupia neno, hakujibu kwa mdomo;
alfajiri ungekuta beti ukutani, kwa makaa,
vina vimekaa sawa kama meno ya kitana.
Mtaa mzima waja kununua, wasoma, wacheka,
na jirani naye anunua, asoma.
Mvua ikafuta. Akaandika tena.

"Kitabu chake?"
Hakuna.
"Wewe umejuaje?"

Natazama kioo cha pembeni.
Watu husema, nasema.

Simwambii ni mtoto wa nani
aliyekuwa akitumwa gunia la makaa,
achague marefu,
yasiyokatika katikati ya neno.

Uwanjani wanalipa, tena waongeza mia mbili.
"Mizinga," asema mume, "ilikuwa mizuri sana."