Mtoto wa Jicho

Kibaigwa, saa tatu usiku, umeme umerudi.
Sebuleni tuko saba na kichanga,
na lumbesa mbili za mahindi zimeegemea ukuta
zikingoja bei ipande.
Baba ameshika rimoti kama anavyoshika mizani yake sokoni:
hakuna mwingine anayeigusa.

Runinga ilikuwa inaonyesha watu wa mto fulani, mbali,
watu wanaokamua, wanaochunga, wanaoamka na vumbi kama sisi.
Mwanamke akainama kuchota maji
na kifua chake kikageuka ukungu,
vimiraba vya rangi ya ugali wa mtama
vikimfuata kila anakokwenda
kama nzi.

Bibi Mbeleje akasogeza kigoda mbele.
Akajifuta jicho la kushoto kwa pindo la kanga,
lile lililopasuliwa Mvumi.
"Mtoto wa jicho amerudi," akasema.
"Uso nauona. Kibuyu nakiona.
Hapa katikati sioni."

Hakuna aliyejibu.
Mume wangu Ndahani, mkwe mgeni, alikuwa anasoma gunia:
KILO MIA. USITUMIE KULABU.
Alilisoma mara ya pili, na ya tatu.
Mama alikumbuka kitu jikoni.
Baba akakohoa.

"Si jicho, Bibi. Wamemfunika wenyewe, huko wanakorushia.
Ni heshima."
"Ya nani?"

Nami nimempakata Lechipya,
amenyonya mpaka amelewa,
titi langu liko nje tangu taarifa ya habari
na hakuna ukungu ulioshuka juu yangu.
Baba mwenyewe, punde tu, aliniuliza kama maziwa yanatosha.

Bibi akacheka kwa pua.
"Sisi lamboni tulikuwa na shanga na samli, basi.
Vijana wanapita na ng'ombe, wanauliza habari za malisho.
Mwenye kukodoa macho alichekwa:
huyu vipi, mamaye hakumnyonyesha?
Paja ndilo tulilificha. Paja!
Halafu akaja mke wa mwalimu wa dini na blauzi kwenye sanduku.
Yangu ilikuwa ya bluu, ikinibana kwapani.
Nilipoivaa ndipo nikaanza kutazamwa."

"Mama," Baba akasema, "kuna wageni."

Nikamkumbuka kaka Elieza, simu yake ya Pasaka kutoka Tampere:
huku hawafichi, alisema,
watu uchi kwenye runinga na watoto wapo mezani wanakula viazi.
Mwenye nyumba wake, mzee wa miaka sabini,
alimkaribisha kwenye chumba cha mvuke, yeye na mkewe,
na Elieza akakaa na taulo mbili kiunoni
akiutazama mlango.
Wakamwonea huruma, wakadhani ana kidonda.
Lakini siku mzee yule alipoona kwenye simu ya kaka
picha iliyotumwa na kundi la ukoo,
lori limepinduka, miguu ya watu imejipanga majanini,
aliirudisha simu kama imemuunguza.
"Mnatumiana hivi?" akauliza. "Na mama zenu wanaona?"

Baba akabadilisha chaneli.
Mahubiri. Mpira. Tangazo la mbolea.
Kisha mtu amepigwa risasi kwenye ngazi,
damu inashuka daraja kwa daraja,
kila tone safi, halina mraba hata mmoja.
Baba akaweka rimoti juu ya lumbesa.
Ndahani akaacha kusoma gunia.
Mama akarudi na karanga.
Tukatafuna.

Baadaye nikampeleka Bibi kuoga, nyuma ya uzio wa bati.
Nilipowasha tochi ya simu akajikunyata,
mikono yote miwili kifuani,
yeye wa lamboni, yeye wa shanga.
"Zima."
"Tuko wawili tu, Bibi."
"Najua tuko wangapi. Zima."

Nikazima.
Nikamsugua mgongo kwa kupapasa,
uti kwa uti, maji yakienda kwenye mchicha,
naye akasema, bila kunigeukia,
kesho nimtafutie dawa ya jicho
hata kama si jicho.