Mfuko Namba 212

Sajenti Kowalczyk anatangulia, chombo chake kikilia kama mbu,
nasi watano nyuma yake, hatua kumi na tano baina ya mtu na mtu,
tunakwenda kama wapanda mahindi wasio na mbegu.
"Ukiona chuma chenye mkia," anasema,
"usikipe jina. Rudi kwa nyayo zako zilezile."

Kila hatua thelathini, shimo:
upana wa sepetu, kina cha goti.
Udongo kwenye chekeche, tikisa, tikisa,
mpaka ardhi iseme au inyamaze.
Mara nyingi hunyamaza.
Tunaandika: hakuna kitu. Hakuna kitu. Mizizi. Hakuna kitu.
Ganda la risasi ya mwaka jana
(hilo halihesabiwi, halijazeeka vya kutosha kuheshimiwa).

Huku ni Missouri, mwezi wa nne, baridi haijaaga.
Ng'ambo ya kilima vifaru vinajifunza kuua mbao.
Hapa, katikati ya mialoni,
maua ya manjano yamesimama mistari miwili
yakipokea wageni kwenye mlango ambao haupo.
Odalys akasema, "Nyumba."
Maua ya porini hayapangi foleni.

Tukapiga magoti. Msingi wa mawe,
misumari, nusu ya kitasa,
kigae cha sahani chenye ua la buluu,
na kwenye chekeche langu, ikibingirika kama jicho lililoamshwa,
gololi ya kioo, kijani, na uzi mweupe tumboni.

Fomu ina visanduku vyake.
Urefu. Upana. Hali.
Je, mahali hapa pana uhusiano na mtu mashuhuri?
Nikaandika: hapana.
Wino ulikataa mara mbili.

Jumamosi walimfungulia lango Bi Verna Stuckey,
miaka tisini na mmoja, kibali mkononi.
Mara moja kwa mwaka jeshi humruhusu kuwa mtoto wa mtu:
kupalilia kaburi la mamake.
Alikuwa na miaka tisa barua ilipokuja.
Siku thelathini, na mahindi bado mabichi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu alichukua jembe, na shamba, na kisima,
kisha akajenga lango.

Bwana Leland, mjumbe wa Waosage, alikuwa amechuchumaa
kwenye shimo la sita, ambako chini ya misumari, chini ya mkaa,
lilikuwa limetokea jiwe la kuchongwa, jembamba kama jani.
Hakuligusa. Alilitazama
kama anayesoma barua ya nyumbani mbele za watu.
"Siku thelathini," Bi Verna akamwambia.
"Sisi nasi tulipewa karatasi," akajibu,
akapindua ndoo, akamsogezea akae.
Hawakuongeza neno. Kifaru kikakohoa ng'ambo.

Nikampa gololi. Kanuni hairuhusu.
Kowalczyk alikuwa anafunga kamba za viatu, kwa muda mrefu sana.
Akaiinua juani; mwanga wa kijani ukamshuka shavuni.
"Ya Russell," alisema. "Alilia wiki nzima. Alinishuku mimi."
Akacheka.
"Nilikuwa nimeiiba kweli.
Niliificha chini ya ngazi, nimrudishie Jumapili.
Jumapili ilitukuta ndani ya lori."

Mali ya serikali, nikamwambia,
na maneno yakanikwama kama mwiba wa samaki.
Akaitia mwenyewe mfukoni, akaomba kalamu yangu.
Mfuko namba 212. Shimo la tatu. Sentimita kumi na nane.
Kwenye mstari wa maelezo, kwa mwandiko wa shule za zamani:
gololi, kijani, nzima. Ya Russell.

Kiangazi ripoti ikarudi.
Jiwe limepata uzio, magari yazunguke mita hamsini.
Nyumba haistahili kuorodheshwa.

Odalys alirudi na sepetu, bila fomu,
akachimbua vitunguu vya maua kumi na viwili,
akavibeba ndani ya kofia hadi kaburini.
Mbele yake alikwenda Kowalczyk,
chombo chake kikilia kama mbu.
Mstari tulioupanda ulipinda.
Hatukuuandika popote.