Maji ya Ovaroli

Maji sikumwaga, Baba Tusajigwe.
Niliyaacha kwenye beseni yatulie,
yakatulia, na chini yakaweka tope
laini kama unga wa ulezi, ila jeupe.
Tope la mvua nalijua. La bustani nalijua.
Hili ni la kwako, limetoka kwenye kola, mifukoni,
kwenye mshono wa kwapa.

Miaka kumi na mmoja umelisha karasha pale Makongolosi.
Mawe yanaingia kama vichwa vya mbuzi,
yanatoka hayashikiki.
Ulikuwa ukirudi nyusi nyeupe,
Tusajigwe akikimbia mlangoni: "Babu kaja!"
Tukacheka. Ukanywa chai, ukakohoa,
ukasema imekupalia.

Zahanati walikupima makohozi mara tatu,
mara tatu karatasi ikasema hakuna.
Unavuta sigara? Huvuti.
Wakakupa dawa ya kikohozi, chupa ya kahawia.
Majirani wakanong'ona yao, ya kurogwa,
nami, nisikufiche, nilitaka iwe hivyo:
mchawi angalau ana nyumba,
mtu unaweza kwenda kumgongea.

Usiku unalala umeketi, mgongo ukutani.
Pumzi inaingia kwa kubembelezwa,
inatoka kwa kufukuzwa.

Mwakalobo si bosi mbaya.
Alileta pole na kiroba cha unga.
Barakoa alinunua boksi moja,
siku waliyokuja wa ukaguzi;
mkazivaa, mkapigwa picha, zikarudi boksini.
Maji ya kulowesha mawe, alisema, ni ghali,
boza moja linakula faida ya siku.

Kwa hiyo langu sikumwaga.
Ovaroli arobaini na tatu, tope nusu pipa.
Anyosisye, mdogo wako, akaliosha kwa karai, taratibu,
mpaka pembeni ukabaki uzi mwembamba kama wanja.
Akatoa kichupa cha zebaki.
Nikamwambia, si jikoni kwangu, wala si kwako:
moshi ule nao unajua njia ya kifuani.
Akauza vivyo hivyo, na mchanga wake,
kwa bei ya kuonewa.
Ikatosha nauli na pesa ya picha.

Mlima wa Kawetere basi lilipanda likihema,
nawe ukihema, sikujua nimwombee nani kwanza.

Mbeya, daktari msichana, ana mwanya,
ndiye wa kwanza kuuliza:
"Baba, unafanya kazi gani?"
Ukamwambia. Akaweka kalamu chini.
Akainua picha dirishani
na mimi, nisiyesoma picha, nikalitambua tope langu,
lile lile, jeupe, punje kwa punje,
ila hapo mkono wangu wa kufulia haufiki.

Jumatatu mtoto wa Ambakisye kachukua koleo lako.
Ana miaka kumi na tisa, nyusi nyeusi tii.
Nikabeba ndoo ya maji ya kufulia, povu na vyote,
nikampita Mwakalobo bila salamu,
nikayamwaga juu ya rundo la mawe.
Karasha likanguruma, likatafuna,
na kwa muda wa ndoo moja
hapakuwa na wingu.
Nilimwona yule kijana mzima mzima, mpaka meno,
akishangaa.

Kisha mawe yakakauka.

Ndoo ninazo mbili.