Haupo

Usawa wa kifua ni mita moja nukta tatu.
Kifua cha nani, kitabu hakikusema.
Changu hakifiki, cha Singano kimepita,
kwa hiyo tulikata ufito, tukautia alama ya rangi,
tukaupa jina: Profesa.
"Mlete Profesa," nasema, na Singano anamleta,
anamsimamisha kando ya shina, naye hana neno.

Hivyo ndivyo tulivyoanza msimu wa kwanza
Amani, juu ya Muheza, ambako mvua
haiji wala haiondoki, inahama tu chumba hadi chumba.
Nilikuwa na viatu vya kuazima,
mfuko wa chumvi kwa ajili ya ruba,
na bumu lililochelewa wiki ya sita.
Wenzangu wa uzamili walichagua picha za satelaiti:
wanauona msitu mzima bila kulowa soksi.
Mimi nilitaka kugusa.
Mama alipoambiwa nasomea miti
aliuliza kama miti yenyewe imeomba.

Miti mia mbili na kumi na miwili.
Kila mmoja na msumari wake, kibati chake, namba yake.
Msambu. Mtambara. Mhesi,
mgeni aliyekaribishwa akaanza kugawa vyumba.
Nikisoma jina la Kilatini, Singano keshataja la Kisambaa.
Aliijua kwa harufu ya unga wa mbao:
zamani alipasua magogo, yeye juu, kaka yake shimoni,
msumeno ukipanda na kushuka kati yao kama ugomvi wa urithi.
"Nililipwa kuipunguza," alisema, "sasa nalipwa kuihesabu.
Mshahara ni uleule."

Msimu wa pili tukarudi.
Mia moja na kumi na sita: umenenepa milimita nne.
Mia moja na kumi na saba:
mwanga.
Mwanga mwingi mno, kama mlango ulioachwa wazi,
na kisiki kimefunikwa majani kwa adabu,
jinsi tunavyofunika chakula cha mtu aliyechelewa.
Singano akamtazama Profesa.
Fomu ina herufi zake: H ni hai, K ni mkavu,
A ni ulioanguka.
Hakuna herufi ya hiki.
Nikaandika: haupo.

Nilipanga kwa Mama Kaniki, chumba cha uani.
Alikuwa ameniona usiku, laptopu mapajani,
mgongo kama ndoana,
na niliporudi kutoka likizo nilikuta meza.
Mpya. Nzito. Yenye wekundu wa mbali, kama shavu lililofichwa jambo.
"Sikulala kwa kukuonea huruma," akasema,
na bei hakuitaja.

Usiku mmoja, nikipigana na jedwali la nne,
kalamu ilianguka. Nikainama na tochi ya simu.
Upande wa chini, usiopitiwa na randa,
kuna tundu la msumari wa inchi mbili.

Misumari ya inchi mbili ni mingi, Tanga nzima.
Nilijiambia hivyo nikiwa bado sakafuni.

Asubuhi Singano alikuja kuchukua posho yake.
Alipitisha kiganja juu ya meza, polepole, mara moja,
akainusa vidole.
"Mtambara," akasema.
Kisha akauliza kama chai ipo.
Mama Kaniki akamletea, na kipande cha muhogo,
akasimama mlangoni akiangalia anavyokula.

Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa wino mwekundu:
*Mti 117. Upungufu huu umetokana na nini? Fafanua.*
Nilifuta mara tatu. Nje mvua ilihamia chumba cha pili.

Tasnifu yote nimeiandikia juu yake.
Sura ya tano, ukurasa wa themanini na moja, inasema:
sababu haikubainika.
Nilipoiandika sentensi hiyo niliegemea kwa nguvu zote.
Meza haikutikisika.
Imeundwa vizuri.