Kulwa na Dotto

Usinitajie bei kwanza. Washa.
Ndivyo ninavyowaambia wauzaji wote wa Makoroboi,
ndivyo nilivyomwambia Buyegi asubuhi ile
alipopasua boksi la kompyuta za mitumba,
vibandiko vya ofisi za ng'ambo
bado vimeng'ang'ania migongoni.

"Zote moja," akasema. "Ukiona hii umeziona zote."

Mwalimu Nyanzobe alikalia stuli yangu,
bahasha ya michango ya wazazi mapajani,
jicho moja kwenye saa:
meli ya Nansio haimsubiri mwalimu.
Alitaka kompyuta sita, alitaka Linux,
maana leseni hailipiwi,
na maana virusi vya flashi za wanafunzi
vilishakula mitihani miwili ya majaribio.
Alitaka na neno moja kutoka kwangu: zinafaa?

Mwalimu, neno hilo lina mkia.

Nikachomeka flashi yangu,
ile niliyoifunga uzi wa nyavu isipotee mfukoni.
Hii haigusi diski, nikamweleza.
Ni mgeni anayelala sebuleni usiku mmoja,
akajua mlango upi unalia, bomba lipi limekauka,
alfajiri akaondoka na shuka lake.

Kioo kikaja na rangi zake zote.
Nikapiga mluzi; ikanirudishia mluzi wangu,
umechoka kidogo, lakini wangu.
Herufi N ilikwama. Hiyo ni chai ya mtu,
Linux haihusiki.
Nikafunga kifuniko ilale, nikafungua, ikaamka
kama mtu aliyeitiwa ugali.

Ya pili: jina lile lile, namba ile ile,
hata mkwaruzo pembe ile ile.
Orodha ya mitandao: tupu.
Mtaa mzima una mitandao, hadi wa saluni,
na hii haioni hata mmoja.

"Ni haya majabali," Buyegi akanyoosha kidole kilimani.
Majabali hayana kesi.
Nikaandika amri ya herufi tano,
ile inayouliza kila kipande: wewe wa ukoo gani?
Vikajitaja, mstari kwa mstari.
Kadi ya hii ya kwanza ilizaliwa kiwanda kimoja,
ya mwenzake kiwanda kingine,
kiwanda kinachoficha chipu yake inavyozungumza;
na Linux haijui lugha
ambayo hakuna aliyekubali kuifundisha.

Mimi ni Shija. Nilizaliwa mgongoni mwa pacha,
hili silihitaji kitabu.
Kulwa na Dotto wetu: sura moja, gauni la kitambaa kimoja,
mpaka sangara aingie chunguni.
Kulwa anaramba mifupa.
Dotto anavimba midomo, tunakimbilia Bugando.
Wageni walikuwa wakiuliza: si mmoja tu hawa?
Mama anajibu: mpikie, utaona.

Buyegi akateremsha bei bila kuombwa.
Mwalimu akaivuta Dotto karibu, akaipapasa kibodi.
"Inaandika?"
Inaandika.
"Inafungua vitabu vilivyomo ndani yake?"
Vyote.
"Basi. Kwetu mtandao unapatikana juu ya jiwe moja,
nyuma ya choo cha walimu,
na ukisimama kwa mguu mmoja.
Hii itakaa darasani na watoto."

Ya tano ililala, haikuamka tena.
Niliibembeleza mpaka feni ikalia; nikairudisha boksini.
"Hiyo tunaye tayari," akasema mwalimu, "mlinzi wa usiku."

Akaondoka na tano, zimefungwa khanga na kamba ya katani,
mkokoteni ukigonga mawe kuelekea bandarini,
na mimi nikimpigia kelele: zisikae juani!

Daftarini nikaandika:
*Dotto. Haisikii hewani. Haifai.*
Nikalitazama neno la mwisho.
Nikafuta herufi mbili, nikaweka mbili,
nikaongeza: *Ukerewe.*

Buyegi alirudi Jumatatu na boksi jingine.
Kabla sijafungua mdomo, alikuwa anatafuta soketi.