Simu ya Ambakisye

Julai, Mbeya, saa moja na nusu usiku.
Baridi imeshuka kutoka Loleza bila kubisha hodi
na sisi wanne tumejibana kwenye benchi la watu watatu
kwa Mama Sekela, nyuma ya stendi ya Kabwe,
tukigombea upande ulio karibu na jiko.

Ubaoni pameandikwa vyakula kumi na moja.
Tunavisoma vyote kwa sauti, kama wageni:
wali kuku, pilau, makange, samaki wa kupaka…
"Kuna ndizi utumbo na ugali maharage," anasema Mama Sekela,
"hayo mengine ni mapambo."
Basi ndizi utumbo, kama Ijumaa iliyopita,
kama Ijumaa zote tangu tulipoanza kuitwa watu wenye mishahara.

Atupele ametoka zamu wodini.
Ananawa mara mbili, hadi viwiko,
kisha anatukagua kucha kama watoto wa darasa la pili.
Parachichi tumekuja nalo wenyewe,
limetoka kwa mama yake Lugano, Tukuyu, kubwa kama kichwa cha mchanga.
Lugano analigawa kwa kijiko,
na anayelalamika kwamba kapunjwa
ndiye anayepewa kokwa.

Sahani zinafika. Miwani yangu inashika ukungu.
Hapo mazungumzo hufa,
kimya cha vijiko na kamasi za pilipili.

Kisha maneno yanarudi, yameshiba:
bei ya mbolea,
mwalimu mkuu wangu anayehesabu vipande vya chaki,
nani kaoa, nani kaachwa Vwawa na pikipiki mbovu,
na uongo wa Ambakisye
kwamba aliwahi kufufua redio kwa sindano ya nguo na mate.

Lazima niwaeleze kuhusu simu ya Ambakisye.
Ile simu ina akili kumzidi mwenyewe.
Haiiti mkila. Haiiti mkicheka.
Inasubiri Mama Sekela afute mikono kwenye kanga
achomoe kalamu nyuma ya sikio,
ndipo inaita, bila mlio,
na Ambakisye anainuka: "Ndiyo, mzee. Ndiyo. Nipo,"
anatokomea upande wa vyoo
mpaka sarafu zitulie.
Miaka sita.
Siku moja Lugano aliificha.
Akapokea rimoti ya televisheni.

Usiku huu Mama Sekela hakuchomoa kalamu.
Alikusanya sahani, akapitisha kitambaa mezani.
"Yenu imeshalipwa."
"Na nani?"
Akaonyesha kwa kidevu.

Ambakisye alikuwa anachokonoa meno,
anautazama ubao kana kwamba leo ndiyo ameuona.
Simu mezani, imelala kifudifudi.

Noti ya Lugano ikabaki hewani.
Atupele akafungua mdomo, akaufunga.
Mimi nikakumbuka kibanda chake cha redio:
Jumatatu nilipita, nikaona kufuli,
Jumatano kufuli,
nikajiambia, labda mafua.
Unataka kuuliza, huulizi.
Kuna swali ukiliweka mezani
chakula kilichokwisha kuliwa kinageuka deni.

"Ndaga fijo," akasema Atupele mwishowe.
"Aa, utumbo tu huo," akajibu Ambakisye.

Tukaagiza chai ya maziwa, hakuna aliyeitaka,
ili tu iwepo bili.
Mama Sekela akatutazama mmoja mmoja.
Akachomoa kalamu, akaandika polepole: vikombe vinne.
Akaiweka karatasi katikati ya meza, akasimama hapo.
Sisi watatu tukasubiri, hatupumui.

Taratibu, Ambakisye akainyanyua simu.
"Ndiyo, mzee," akasema. "Ndiyo. Nipo."
Akaelekea upande wa vyoo.

Tukacheka kuliko ilivyostahili,
tukalipa, sarafu zikatulia,
na bado hajarudi.
Lugano akakifunika kikombe chake kwa kisosi.
Nilipokifunua baadaye,
chai ilikuwa imefanya utando.