Noti ya La

Saa kumi na mbili unusu nimeshalifunua tumbo la piano.
Obunga, mlinzi, anafagia mavi ya popo chini ya madirisha,
anaimba kwa pua, sauti imepinda kidogo,
nami simwambii.

Piano hii ilishushwa kutoka Nandi,
nyumba ya meneja wa chai aliyerudi kwao,
ikaingia Kisumu juu ya trela ya miwa
imevishwa magodoro matatu na kamba ya katani.
Miaka hiyo nilikuwa fundi baiskeli, Kondele.
Ringi niliinyoosha kwa sikio:
spoku ukiidonoa kwa ukucha huimba,
iliyolegea hunung'unika,
iliyokazwa kupita kiasi hulia kama mbu.
Sista Perpetua alikuja kuziba pancha,
akasimama, akasikiliza,
akaniuliza kama naogopa nyuzi mia mbili na thelathini.

Leo ni Siku ya Piano, saa tatu asubuhi hadi giza.
Wapigaji kumi na mmoja, kiingilio shilingi mia mbili,
wenye sare za shule bure.
Kati ya mpigaji na mpigaji nimepewa dakika saba.

Naigonga la, ile ya katikati.
Inaniambia la.
Nazungusha ufunguo, unene wa unywele.
La.
Tena kidogo.
Haya.

Anafungua Bi Harbans, daktari wa meno,
vidole vimezoea mahali padogo penye maumivu.
Kisha pacha wa Maseno, Apiyo na Adongo,
mikono minne benchi moja,
wakisukumana viwiko kila Mjerumani anapoharakisha.
Kisha Shivachi, hakimu mstaafu wa Vihiga,
anapiga polepole, macho chini,
kama anayesoma hukumu asiyoipenda.

Kufikia saa saba bati ni kikaango.
Watu wanajipepea kwa ratiba.
La imeshuka.
Hakuna anayejua; wanapiga makofi, wengine kabla ya wakati,
na mimi kila inapopita nauma shavu kwa ndani
kama mzazi anayesikia jina la mwanawe
likitamkwa vibaya mbele ya wageni.

Dakika saba. Nakaza. Ting. Ting. Ting.
Nyuma mtu anacheka: huyu naye wimbo wake ni mmoja!
Mtoto mwenye soksi moja ya njano anakuja hadi jukwaani:
"Na wewe utacheza saa ngapi?"
Mama yake anamvuta kabla sijapata jibu.
Sina. Sijui hata wimbo mmoja mzima.
Nazijua themanini na nane, moja moja,
kama mwalimu wa zamu anavyowajua watoto
kwa rejista.

Saa kumi mvua.
Kemunto wa Nyamira yumo katikati ya kipande kirefu,
na ghafla hatumsikii,
tunaona mikono tu, ikienda na kurudi
kama ya mtu anayepeta mtama kwa mbali.
Hakusimama. Wala hakuongeza nguvu.
Aliendelea kwa upole ule ule chini ya kishindo kile,
ukumbi mzima umeinama mbele
kama watu wanaosoma barua begani mwa mwenzao.
Mvua ilipokatika alikuwa amebakiza noti tatu.
Ya mwisho ilikuwa la.
Ilikuwa sawa.
Nilikuwa nimesahau kupumua; nikakohoa,
wakanigeukia.

Sasa ni saa mbili usiku. Viti vimebebanishwa ukutani,
chupa za maji zimekanyagwa,
ubaridi wa ziwa unaingia kwa mlango wa nyuma.
Obunga ameegemea ufagio:
"Wameenda wote, fundi. Cheza basi."
Naigonga la.
"Tamu," anasema.

Lakini uzi umepoa, na mchana niliukaza kwenye joto;
umepanda juu ya haki yake,
unywele mmoja.
"La," namwambia,
nanyoosha mkono kuuchukua ufunguo.